Mwizi wa Baba Yangu

Polisi walipofika kwenye zizi la Oduetse asubuhi ile, yeye alicheka. Baadaye watu wa Lentsweng walilishikia bango jambo hilo. Mtu asiye na hatia, walisema, anacheka vipi mbele ya pingu? Lakini Oduetse alicheka kwa sababu nyuma ya polisi alimwona Modiri, mtoto wa mjomba wake, kavaa kofia ya Jumapili siku ya kazi, amemnyooshea kidole na kusema, "Ndiye huyo. Ndiye mwizi wa baba yangu."

Maneno hayo Oduetse alikuwa akiyasikia tangu hajaota meno ya pili. Kwa Watswana, watoto wa kaka na watoto wa dada ni watani, na utani wao hauna breki. Mpwa huingia nyumbani kwa mjomba wake akafunua chungu bila kubisha hodi, na mtoto wa mwenye nyumba, akiona mnofu wake unaondoka, hana silaha nyingine ila mdomo. Basi Modiri alimwita Oduetse mwizi wa baba yake walipokuwa wakichunga mbuzi, akamwita hivyo shuleni, akamwita hivyo siku ya harusi yake mbele ya mchungaji. Naye Oduetse alikuwa na jibu lake, lile lile, halichakai.

"Nilishamwibia baba yako kila kitu," akajibu asubuhi ile pia. "Nikakuacha wewe tu, maana sokoni huna bei."

Polisi mmoja alitabasamu. Modiri hakutabasamu. Hapo ndipo Oduetse alipoitazama ile kofia vizuri, akaacha kucheka.

Waliingia kibandani kwake wakatoka na ngozi ya maksai iliyokauka, ubavuni ina chapa ya moto ya marehemu mjomba. Haikuwa imefichwa. Oduetse alikuwa akiilalia.

"Chapa hii ya nani?" aliuliza polisi mkubwa.

"Ya mjomba. Kila mtu anaijua."

"Na ng'ombe alikuwa wa nani?"

"Wangu, Rra," alijibu Oduetse, kwa neno la heshima la Kitswana, kama kusema bwana. "Mjomba alinipa."

"Yuko wapi mjomba aseme?"

"Kaburini."

Modiri alikohoa. Walimfunga pingu Oduetse, na hata alipokuwa akipanda gari alimgeukia binamu yake akimsubiri acheke, aseme basi yatosha, mfungueni. Gari liliondoka.

Mjomba yule, ambaye watu walimwita Rra-Modiri, yaani baba yake Modiri, alikuwa na ng'ombe wengi na miguu mibovu. Mwanawe alipenda mjini. Kwa hiyo sehemu ya kundi lake alimkabidhi mpwa wake kwa ule utaratibu wa mafisa: unachunga ng'ombe wa mwenzio, maziwa unakunywa wewe, unalimia, lakini ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi. Atakayemwandikia mpwa wake karatasi ya ng'ombe ajue amemtukana. Ukichunga vizuri, siku moja mwenye kundi anakupa ndama mmoja wa asante, na hiyo nayo haina karatasi.

Oduetse alichunga vizuri. Alichimba kisima kwa mikono yake kule machungani, kwenye ardhi ambayo watu walisema haina maji, akayakuta. Mwaka ule kisima kilipotoa maji, mjomba alikuja na mkewe na mwanawe, akaingia zizini na kisu. Alimchagua ndama dume mweusi, ambaye alikuwa ameshachomwa chapa ya kundi. Modiri alimshika ndama pua. Mama yake Modiri alikuwa ametoka kukamua, kasimama langoni na ndoo. Mjomba akakata pengo kwenye sikio la kushoto akasema, "Chapa ni yangu lakini sikio hili ni la Oduetse, na mwili hufuata sikio." Modiri akamwachia ndama, akajifuta mikono kwenye suruali ya mwenzake na kusema, "Haya, mwizi wa baba yangu, umefanikiwa." Wote wanne walicheka. Ndama yule alikua akawa maksai.

Mjomba akafa. Kisha akafa dada yake, mama yake Oduetse, na msiba ule ndio uliomchinjisha Oduetse maksai wake. Sasa, ng'ombe akichinjwa kwenye shughuli ya ukoo, kichwa kinakwenda kwa mjomba. Mjomba hayupo, kinakwenda kwa mwanawe. Oduetse alikibeba mwenyewe kichwani mwake, kizito, masikio yake yote mawili, akakitua uani kwa Modiri mbele ya wazee. Mwenye nyumba huuliza ng'ombe ni wa nani, humtaja mwenye ng'ombe, kisha hupokea. Modiri alikitazama kichwa, akalitazama pengo la sikio, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Ng'ombe wa Oduetse, mwizi wa baba yangu. Tumempokea."

Watu waliokuwa wakilia walicheka na machozi yao usoni, kama inavyotakiwa. Msiba usio na mtani ni msiba wa yatima. Wakakipika kichwa wakakila. Oduetse alirudi kwake moyo umepoa, kwa kuwa mama yake alikuwa amezikwa na watu wake.

Ugomvi ulikuja baada ya msiba. Modiri alitaka ng'ombe wa mafisa warudi. Hilo halikuwa na neno, ni wake, karithi. Lakini alikitaka na kisima, maana mtu mmoja wa mjini alikuwa akitafuta malisho ya kukodi na malisho bila maji ni vumbi tu.

"Ng'ombe chukua," Oduetse alimwambia. "Kisima nimekichimba mimi. Baba yako alikuja kunywa."

"Tutaona," alisema Modiri.

Wakaona. Katika nchi ile wizi wa mifugo ni jambo zito kuliko kumpiga mtu, na anayeshtakiwa kwa kosa hilo dhamana anaisikia kwa wenzake. Oduetse alikaa rumande. Hakimu alipoisikiliza kesi hatimaye, alisema chapa inaonyesha nani alimchoma ng'ombe, haionyeshi kama hakumpa mtu baadaye, akamwachia. Alipofika machungani alikuta kundi limeondolewa na kisima kina kufuli.

Kisima kilimuuma. Lakini kuna kilichomuuma zaidi. Binti yake Segametsi alikuwa ameposwa, na mahari yalikuwa yamekubaliwa. Mshenga wa upande wa bwana, mzee mmoja mpole aitwaye Pitso, alikuja akakaa, akanywa chai, akasifu chai, kisha akasema:

"Hatusemi wewe ni mwizi, Rra. Hakimu kasema huna hatia."

"Basi?"

"Basi watu wanasema ushahidi haukutosha. Ng'ombe wetu wa mahari wakiingia zizini kwako, watasema wamekuja kuungana na wenzao wa wizi. Binti ni mzuri, sisi tunamtaka. Tusubiri kidogo jina lipoe."

Segametsi alisikia yote jikoni. Hakulia. Alimwambia baba yake, "Jina halipoi lenyewe, baba. Nenda kamshtaki aliyelichoma."

Ndivyo Oduetse alivyofika ofisini kwa wakili Boikanyo, mwanamke mwenye sauti ndogo na maneno makavu.

"Uliachiwa, Rra. Hongera," alisema wakili. "Sasa sahau kwamba kuachiwa kunakusaidia."

"Hakunisaidii vipi na mimi sikuiba?"

"Kwa sababu kesi hii haiulizi kama uliiba. Inauliza Modiri aliamini nini siku alipokwenda polisi. Ili tushinde tuthibitishe alikushtaki kwa hila na bila sababu ya msingi. Kama mtu mwenye akili zake, akijua alichokijua Modiri, angeweza kuamini wewe ni mwizi, basi Modiri ana sababu. Hata kama anakuchukia kama ukoma, anakwenda zake nyumbani kula."

"Hata kama alikosea?"

"Kukosea kunaruhusiwa. Na yeye ana ngozi yenye chapa ya baba yake kibandani kwako. Hiyo peke yake inamtosha mtu kukosea."

Sheria, jamani, ina adabu za ajabu. Mtu anakumwagia matope, nawe unaambiwa uthibitishe aliyajua kuwa ni matope.

"Hakukosea," alisema Oduetse. "Alijua. Ndama alimshika yeye mwenyewe pua."

"Hapo ndipo ilipo kesi yako. Nani mwingine alikuwepo?"

"Mjomba."

"Wafu hawaapi."

"Modiri mwenyewe."

"Atakataa."

"Na mkaza mjomba wangu. Mma-Modiri."

Wakili aliweka kalamu chini. "Mama yake Modiri?"

"Huyo kanilea mimi."

"Sikuuliza kakulea nani, Rra. Niliuliza ni mama wa nani."

Oduetse alilichukua neno hilo kama ukali wa watu waliosoma, akaliacha palepale ofisini.

Alimkuta Mma-Modiri uani kwake, akipepeta mtama. Alikuwa ameshakuwa bibi kizee, lakini mikono ilikuwa ile ile iliyomsugua Oduetse shingo kwa jiwe utotoni, mama yake alipokuwa akifanya kazi mashambani ng'ambo ya mpaka. Miaka ile alilala kwa mjomba, akala kwa mjomba, akachapwa kwa mjomba. Alipomwona alisogeza kigoda kwa mguu.

"Umekonda, mpwa. Rumande hawapiki?"

"Wanapika, mama. Balaa ni kukila."

Alicheka, akaingia ndani, akatoka na ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Hakumwuliza alichokijia mpaka bakuli lilipokuwa tupu. Kisha alisema, "Sema."

"Nataka mtu wa kusema alichokiona zizini siku ile ya ndama mweusi."

Ungo ulisimama. "Modiri ni mwanangu."

"Najua, mama. Simwombei jela. Nataka isemwe tu kwamba alijua. Segametsi hawezi kuolewa na baba mwenye jina hili."

Kuku mmoja alisogelea mtama, Mma-Modiri hakumfukuza.

"Nililiona sikio likikatwa," alisema. "Ndama alitikisa kichwa, damu ikaruka ikaingia kwenye ndoo yangu. Maziwa yote nikamwaga. Rra-Modiri akanicheka, akasema leo paka wameula. Mtu anasahau maziwa yake aliyomwaga?"

"Utalisema hilo mahakamani?"

"Nitasema nilichokiona. Uongo ni chakula kigumu, na mimi sina meno."

Oduetse alimshika mikono yote miwili. Njiani kurudi aliimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu rumande. Alipita kwa mzee Pitso akamwambia aje siku ya kesi, asikie kwa masikio yake. Mzee Pitso akasema atakuja.

Mahakama Kuu ilikuwa na baridi ya mashine na viti vya kuumiza mgongo. Mzee Pitso alikaa nyuma, kofia magotini. Segametsi alikaa karibu na baba yake. Shahidi wa kwanza wa Oduetse, baada ya yeye mwenyewe, alikuwa mzee Dikgang, aliyekuwepo uani siku ya kichwa. Dikgang ni mtu anayependa kusikilizwa, na siku hiyo alikuwa amepata watu wasioweza kuondoka. Alieleza vizuri: kichwa kililetwa hadharani, masikio yakiwa mahali pake, Modiri alilitazama pengo, akamtaja Oduetse kuwa ndiye mwenye ng'ombe, akapokea.

"Mwizi gani," alimalizia, "humpelekea mwenye mali kichwa cha mali yake?"

Watu waliguna kwa kukubali. Wakili Boikanyo alikaa akiwa ameridhika. Kisha akasimama wakili wa Modiri, kijana mtanashati.

"Mzee wangu, kumbukumbu yako ni nzuri sana. Tuambie Modiri alisema maneno gani hasa. Neno kwa neno."

"Neno kwa neno?" Dikgang alifurahi. Akatanua kifua, akaiga hata sauti. "'Ng'ombe wa Oduetse, mwizi wa baba yangu. Tumempokea.'"

Mahakama nzima ilicheka, hata karani. Oduetse mwenyewe alicheka. Wakili kijana alisubiri kicheko kiishe.

"Kwa hiyo, kabla ya polisi, kabla ya ugomvi wowote wa kisima, mbele ya wazee, mteja wangu alimwita mtu huyu mwizi wa baba yake."

Dikgang alibaki mdomo wazi. "Alikuwa anatania. Ni watani wale."

"Umo moyoni mwake, mzee?"

"Simo. Nani angepanga humo?"

Watu walicheka tena, lakini safari hii Oduetse hakucheka. Boikanyo alikuwa akiandika haraka sana na mdomo umekaza. Jaji aliuliza kwa utulivu kama kuna mtu mwingine atakayeeleza maneno yale yalisemwa kwa nia gani. Jaji alikuwa Mtswana, naye ana mabinamu zake. Lakini jaji hahukumu kwa mabinamu zake.

Modiri alipanda kizimbani akaapa. Alisema hakuwepo zizini siku yoyote ya kukatwa sikio. Alisema pengo kwenye sikio linaweza kukatwa na yeyote mwenye kisu. Kisha wakili wake akamwuliza kuhusu utani.

"Mimi sijamtania Oduetse hata siku moja," alisema Modiri, akitazama ukuta. "Tangu utoto nilimwambia kilicho moyoni. Watu walikuwa wakicheka, mimi nilikuwa nikisema kweli. Baba yangu alimpenda yeye. Nilipokuwa nikimwita mwizi, nilimaanisha mwizi."

Kuna maneno humpiga mtu mahali ambapo hakujua pana mwili. Kesi, kisima, rumande, vyote hivyo Oduetse alikuwa ameshavizoea. Hili halikuwa limempitia akilini. Siku za mbuzi, siku za shule, siku ya harusi, kichwa cha msiba wa mama yake: Modiri alikuwa ameinyoosha mikono akavikusanya vyote, akavipeleka kuwa ushahidi. Je, alikuwa akisema kweli sasa, au alikuwa akidanganya ili ashinde? Oduetse alimtazama usoni na hakujua. Uso ule aliufahamu kuliko wake mwenyewe, na hakujua. Aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Baba," alinong'ona Segametsi. "Bibi bado."

Ndiyo. Bibi alikuwa bado. Mma-Modiri aliitwa, akaja polepole na blanketi lake begani, akaapa akiwa ameshika Biblia kwa mikono miwili. Oduetse alijisikia kama mtoto aliyepigwa njiani, akauona mlango wa nyumbani.

"Mama," Boikanyo alianza, "siku ya ndama mweusi ulikuwepo zizini?"

"Nilikuwa nikienda zizini kila siku. Nilikuwa mkamuaji."

"Siku ile sikio lilikatwa, mwanao Modiri alikuwa ameshika nini?"

Mma-Modiri alilivuta blanketi. "Macho yangu ni ya kizee, mwanangu."

"Wakati huo hayakuwa ya kizee. Damu iliruka ikaingia kwenye ndoo yako. Ulimwaga maziwa."

"Maziwa humwagika."

Boikanyo alimtazama Oduetse mara moja tu, akaomba ruhusa ya kumbana shahidi wake mwenyewe. Akaruhusiwa, akambana kwa swali hili na lile, na bibi kizee akabanika kama jiwe linavyobanika. Mwishowe jaji alimwambia, "Mama, acha kuzunguka. Sema unachojua kuhusu ng'ombe huyo."

"Ninachojua ni hiki," alisema Mma-Modiri, na sauti yake haikutetemeka. "Marehemu mume wangu alimpenda sana mpwa wake. Lakini ng'ombe hakumpa. Modiri aliponiuliza ngozi ile ni ya ng'ombe yupi, mimi ndiye niliyemwambia ni ng'ombe wetu, kachinjwa bila ruhusa. Kama kuna kosa, kosa ni langu. Mwanangu alimsikia mama yake."

Boikanyo alikaa. Hakuwa na haja ya kumweleza Oduetse chochote, hata hivyo alimweleza, kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa mtu mwenye haki. "Amempa sababu ya msingi," alisema. "Hata kama tukithibitisha kesho kwamba ng'ombe alikuwa wako, Modiri atasema aliambiwa na mama yake. Nani atasema mtu hakufanya busara kumwamini mama yake?"

"Anadanganya," alisema Oduetse. "Alinipa ugali nikala, akaniahidi."

"Najua anadanganya. Yeye pia anajua. Ndiyo maana amesema vizuri hivyo."

Hukumu ilisomwa mvua za kwanza zilipokaribia. Jaji alisema mahakama haisemi mdai aliiba. Hilo lilikwisha kuamuliwa na halimo katika shauri hili. Alisema inawezekana mdaiwa alikuwa na kinyongo, na kisima kile kinaleta harufu. Lakini kinyongo peke yake hakitoshi. Mdaiwa aliiona chapa ya baba yake, akauliza, akajibiwa na mama yake mzazi. Sababu ya msingi ilikuwepo. Dai limetupwa.

Oduetse aligeuka nyuma. Kiti cha mzee Pitso kilikuwa kitupu. Segametsi alikuwa ameshakiona kabla yake, naye alikuwa akikunja kitambaa chake cha kichwa, akikikunjua, akikikunja.

Nje, Mma-Modiri alikuwa amesimama kivulini, kaegemea ukuta wa mahakama. "Mpwa," aliita.

Mtu hampiti mkubwa wake aliyemwita. Oduetse alikwenda.

"Wewe walishakuachia," alisema bibi. "Ulikuwa huru unatembea. Ulikuwa unadai nini tena? Jina? Jina halikamuliwi."

"Mama. Damu iliingia kwenye ndoo."

"Iliingia. Nitamwambia Mungu hivyo akiniuliza. Lakini nyie mngemfilisi yule kwa fidia, na yule ndiye mmoja niliye naye."

"Na mimi je?"

Mma-Modiri alimtazama bila chuki, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Wewe nilikulisha, mpwa. Kuzaa ni kitu kingine."

Oduetse alitikisa kichwa polepole. Maisha yake yote alikuwa akimtaja mwanamke huyu kwa jina lake, na jina lilikuwa likimwambia kila siku ni mama wa nani, na yeye alikuwa akilisikia kama sauti tu. Hata wakili, kabla hajamwona Mma-Modiri kwa macho, alilisikia. Oduetse alimwinamia kama mtu anavyomwinamia mzee yeyote, akaondoka.

Gari la Modiri lilikuwa karibu na lango, injini inanguruma. Modiri alifungua mlango wa abiria, akachungulia. Kofia ya Jumapili alikuwa ameivua. Kesi imekwisha, kashinda, na usoni alikuwa na kile kicheko cha zamani, kile cha machungani, kama kwamba kizimbani alikuwa amepanda mtu mwingine.

"Wewe mwizi wa baba yangu," aliita. "Njoo upande na binti yako. Mvua hiyo inakuja, mtalowa kama kuku."

Jibu lilimjia Oduetse ulimini lenyewe. Lilikuwepo, limeiva, halina kazi ya kufikiriwa. Segametsi aliliona likija, akamshika baba yake mkono. Oduetse alilimeza. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akainamisha kichwa kama anavyofanya mbele ya mgeni wa serikali.

"Ahsante sana, Rra," alisema. "Nenda salama, Rra."

Kicheko kilibaki usoni kwa Modiri kikiwa hakijui pa kwenda. "Unamwita nani Rra?"

"Nakuheshimu, Rra."

"Acha mambo yako bwana. Yale ni ya mahakamani, yamekwisha huko ndani." Alisubiri. Oduetse alikuwa bado ameshika kofia. "Nitukane basi," alisema Modiri, na sauti ilianza kumtoka vibaya. "Oduetse. 'Nilishamwibia baba yako kila kitu,' ehe? 'Nikakuacha wewe tu...' Malizia. Malizia, tafadhali."

"Mtu humtania anayemjua, Rra," alisema Oduetse.

Akavaa kofia yake. Yeye na Segametsi walitoka langoni, wakashika barabara ya kwenda stendi. Walifika mbali kabla hawajasikia mlango wa gari ukifungwa, na wakati huo mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha.